Maji ndani ya motokari: tufungue njia ya maji kabla ya kuziba matundu



Katika mwezi wa 12 uliopita tulipeleka mbegu ya mahindi kwa koperative moja ya njia ya Kasenga. Mbegu ilipakiwa siku ya kwanza ya juma, lakini mvua haikutuachia njia. Motokari ililala siku tatu katika uwanja wetu hapa Lubumbashi, chini ya mwembe, mizigo ikiwa ndani. Tulifikiri: milango imefungwa, vioo vimepandishwa, hakuna shida. Nyuma kulikuwa kumejaa, kwa hiyo mifuko miwili ya kilo 10 tuliiweka mbele, pale abiria anapoweka miguu.

Tulipofika, Mama Prezida alifungua mfuko wa kwanza yeye mwenyewe. Aliingiza mkono, akautoa na punje zilizovimba, zingine zimeshatoa vimizizi vyeupe. Akatuangalia.

"Eh, ba agronome! Hii mbegu mumeshaipanda mu motokari?"

Watu wakacheka, na sisi tukacheka kidogo, lakini haikuwa neno la kucheka. Kilo 20 ni karibu hekta moja ya mahindi. Tulikuwa tayari katikati ya mwezi wa 12, na kwetu Haut-Katanga anayepanda nyuma ya wakati huo anaanza kuhesabu hasara. Mifuko mingine ilifika siku kumi baadaye, na shamba lile lilipandwa nyuma ya mengine yote. Na mbegu iliyolowana, kwa kuwa ilikuwa imepakwa dawa ya kuzuia kuvu, hata kuku hawakuweza kupewa. Tuliifukia mbali na kisima.

Ndiyo sababu somo la leo haliko juu ya mbegu wala mbolea, liko juu ya motokari inayozibeba. Koperative nyingi siku hizi ziko na Noah, Hiace, Hilux ao Corolla iliyotumika Japani, ikashuka bandarini Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa na volani yake mkono wa kuume. Ni motokari nzuri. Lakini zimezeeka, na zinakaa mahali penye vumbi jekundu miezi mitano, kisha mvua nyingi miezi mitano.

Maji yalikosa pa kutokea

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kosa. Tulipeleka motokari kwa garaji moja. Fundi akatazama parabrizi, akasema mpira wake umechoka. Akazungusha silikoni. Tukalipa. Mvua iliyofuata, tapi ikalowana tena. Tukarudi. Akaongeza silikoni, mara hii hata juu ya plastiki nyeusi iliyo chini ya parabrizi. Tukalipa tena. Na maji yakaingia mengi kuliko mbele.

Aliyetufungulia macho ni shofere mmoja mzee wa Kipushi, aliyekuja kuchukua mbolea ya koperative yake. Hakugusa parabrizi. Aliuliza tu: "Hii motokari munailazaka wapi?" Tukamwonyesha mwembe. "Bon. Fungueni kapo."

Chini ya parabrizi, pale ile mikono ya kufutia maji inapolala, kuna plastiki nyeusi yenye matundu madogomadogo. Wengi tunafikiri ni pambo. Chini yake kuna mfereji wa chuma unaokwenda kutoka upande mmoja wa motokari mpaka wa pili. Maji yote yanayoteremka juu ya parabrizi yanaangukia ndani ya mfereji huo. Ni kawaida yaingie humo, fabriki ilitaka hivyo. Katika pembe za mfereji, kushoto na kuume, kuna tundu ao kituyo kifupi, mara nyingi chenye mpira kwenye ncha, na maji yanashukia hapo mpaka chini, nyuma ya magurudumu ya mbele. Mvua ikinyesha, chunguleni pale: motokari nzima inakojoa. Ikiwa haikojoi, kuna shida.

Katika mfereji wetu tulitoa majani ya mwembe, maua makavu ya jacaranda, nyuzi za magunia, punje za mahindi na vumbi la njia, vyote vimeshikana kama udongo wa kufyatulia matofali. Kulikuwa hata na mmea mdogo umeota humo. Matundu mawili yalikuwa yamezibwa kabisa. Na silikoni ya fundi ilikuwa imemaliza kazi: ilikuwa imeziba hata nafasi ndogo ambapo maji yalikuwa bado yanapenya kwenda nje.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kuna siri yote. Ndani ya mfereji huo kuna pia mlango wa hewa, ile hewa ambayo feni inavuta na kupuliza ndani ya motokari. Mlango huo umeinuliwa kidogo ili maji yasiufikie. Lakini mfereji ukijaa, maji yanapanda, yanapita juu ya ukingo, yanaingia kwa feni, na kutoka kwa feni yanaanguka miguuni mwa abiria. Kwa motokari yenye volani kuume, kwa kawaida feni iko upande wa kushoto, nyuma ya kile kisanduku cha makaratasi. Ndiyo maana tapi yetu ililowana kushoto mbele tu, mahali tulipokuwa tumeweka mbegu. Kwa zile zenye volani kushoto ni kinyume.

Wakulima munalijua jambo hili kuliko ba fundi. Mfereji wa kutoa maji shambani ukizibwa na majani, maji yanavunja ukingo na kuingia kati ya mistari. Hakuna mtu anayekwenda kujenga ukuta kuzunguka mahindi. Anachukua jembe, anafungua mfereji.

Tena si maji kidogo. Wale walio na pluviometre katika koperative zao wanajua hesabu: mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni litre 1. Parabrizi ni karibu mita moja ya mraba. Mvua moja ya alasiri ikitoa milimita 30, ni litre 30 juu ya kioo peke yake, kabla ya kuhesabu yale yanayotoka juu ya paa. Lubumbashi inapata karibu milimita 1.200 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa 11 na wa 3.

Kwanza mujue ni maji gani

Kabla ya kufungua kitu, tujue maji yanatoka wapi, maana si kila maji ndani ya motokari ni mvua.

Ikiwa tapi inalowana siku ambayo hakuna mvua, na klima ilikuwa inawaka, hayo ni maji ya klima. Klima inatoa jasho kama chupa ya baridi, na jasho hilo linatoka kwa kituyo kidogo chini ya motokari. Kituyo kikizibwa na vumbi, maji yanarudi ndani, tena upande uleule wa feni. Maji haya ni safi, hayana harufu. Njia ya kujua: washa klima dakika ishirini wakati wa joto, motokari ikiwa imesimama, halafu angalieni chini. Pasipodondoka kitu, kituyo kimezibwa.

Ikiwa maji yako na rangi, yananata kwenye vidole, na yanatoa harufu tamutamu, na kioo kinajaa mvuke wa mafuta usiofutika vizuri, hayo ni maji ya radiateri ndogo ya ndani. Somo la leo haliwezi kuyatibu. Nendeni kwa fundi upesi, na musiyaache mahali mtoto ao mbwa anaweza kuyaonja, ni sumu.

Na ikiwa munapita mito na madimbwi, na sakafu inalowana kutoka chini, tazameni vifuniko vya mpira vya sakafu. Mara nyingi mtu alivitoa siku alipoosha motokari, hakuvirudisha.

Ikiwa ni mvua kweli, tumieni bidon ya maji. Mtu mmoja anakaa ndani na torchi, tapi imeinuliwa. Mwingine anamwaga maji polepole nje, mahali pamoja kwa mara moja, akianza chini na kupanda: mlango, halafu chini ya parabrizi, halafu parabrizi yenyewe, halafu paa. Ukianza na paa, maji yanashuka kila mahali na hutajua kitu. Musitumie ile pompe ya nguvu ya waosha motokari. Inasukuma maji hata pale ambapo mvua haiwezi kufika, na mutatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kufungua mfereji wa mbele

Kazi hii inachukua nusu siku kwa mara ya kwanza, na saa moja kwa mara nyingine. Zimeni mota, toeni ufunguo. Ikiwa plastiki nyeusi inaweza kuinuliwa pembeni, inueni pembeni tu. Ikiwa ni lazima kuitoa yote, mikono ya kufutia maji inatoka kwanza. Wekeni alama ya sabuni kwenye kioo mahali kila mkono unapolala, ili muirudishe palepale. Sisi tulisahau, na mikono ikawa inapigana katikati ya kioo njia yote ya kurudi. Vile vifungo vya plastiki vinavunjika kama biskuti vikiwa vizee, kwa hiyo vitoleeni mahali penye jua, vikiwa vimepata joto.

Takataka toeni kwa mkono, kuelekea juu. Hapa tunasisitiza, kwa sababu kila mtu anafanya kinyume: anaingiza maji ao kijiti na kusukuma uchafu chini. Uchafu unashuka sentimita tano na kukaza zaidi, mahali ambapo mkono haufiki tena. Kwanza safisheni mfereji uwe mweupe, kisha ndiyo muguse matundu. Kwa matundu, waya laini wa umeme wenye ncha iliyokunjwa unatosha. Waya wa chuma mkali unatoboa mpira, na kukwaruza rangi mpaka kutu inaanza.

Mpira wa kwenye ncha ya kituyo umetengenezwa kama mdomo wa bata: unafunguka maji yakishuka, unajifunga vumbi likitaka kupanda. Uzee unaufanya ushikane. Ufinyeni kwa vidole viwili, utatema tope. Kisha mwageni kikombe cha maji kila pembe na mtu aangalie nyuma ya gurudumu. Maji yaanguke palepale. Yakichelewa, bado kazi haijaisha.

Na silikoni ya zamani kwenye plastiki, toeni yote. Hatusemi silikoni ni mbaya. Ikiwa mulimwaga maji juu ya parabrizi peke yake na mtu wa ndani akaona tone likitoka pembeni ya kioo, basi mpira ao gundi ya kioo imechoka kweli, na hapo ni kazi ya fundi wa vioo. Lakini hiyo iwe ya mwisho, nyuma ya kufungua.

Milango, paa na nyuma

Wengi wanashangaa kusikia kwamba mvua inaingia ndani ya mlango kila siku. Inapita kando ya kioo, inashuka ndani ya chuma, na kutoka kwa matundu ya chini ya mlango. Tope la njia ya Kasenga linayaziba kutoka nje. Fungua na ufunge mlango: ukisikia maji yanacheza ndani kama mtungi, piga magoti, tafuta matundu hayo kwenye ukingo wa chini, fungua kwa kijiti cha mti. Jitayarisheni, maji yanatoka kwa nguvu na yananuka. Ikiwa matundu ni mazima na bado sakafu inalowana kando ya mlango, angalieni nyuma ya pambo la ndani. Kuna karatasi ya plastiki imebandikwa pale kuzuia maji. Fundi wa redio ao wa kioo akiipasua, maji yanakuja ndani. Plastiki nzito ya shamba iliyobandikwa vizuri inafanya kazi hiyo.

Motokari zenye kioo cha kufungua kwenye paa ziko na vituyo vinne, kimoja kila pembe, vinavyoshuka ndani ya nguzo za motokari. Vikizibwa, maji yanatoka karibu na taa ya ndani ao yanateremka kwenye nguzo. Wengine wanatumia kebo ya freni ya kinga, lakini ncha yake inapasua kituyo. Afadhali uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, unaoingizwa kidogo kidogo. Na kompresa ya garaji hapana! Ikipuliza kwa nguvu, kituyo kinachomoka juu, nyuma ya kitambaa cha paa, na tangu siku hiyo maji yote yanamwagika ndani.

Nyuma tunapita haraka: inueni pneu ya akiba, tazameni kama kuna maji chini yake. Yakiwepo, mara nyingi ni mpira wa taa za nyuma.

Kukausha ni nusu ya kazi

Sisi tulifungua mfereji, tukafurahi, tukaacha tapi ijikaushe. Juma moja baadaye motokari ilikuwa inanuka kama bukari ya jana, na vioo vilijaa mvuke kila asubuhi. Tapi ya juu ilikuwa kavu kabisa. Lakini chini yake kuna sponji nene, na sponji hiyo inashika maji kama godoro. Tulipoiinua, tukakuta punje za mahindi ya msimu uliopita zimeota gizani, ndefu, za manjano, hazina rangi ya majani. Na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kidogo. Ilikuwa ile dawa ya mbegu. Ba shofere wetu walikuwa wanaweka miguu humo kila siku, wengine na sandali. Mukikuta rangi hiyo, vaeni ganti, na maji ya kuosha yasimwagwe karibu na kisima ao mboga.

Inueni tapi na sponji. Mara nyingi kiti lazima kitoke. Kabla ya hapo, toeni kebo ya batri na mungoje dakika chache. Nyaya za rangi ya manjano chini ya kiti ni za airbag, musizichomoe wala kuzipima. Sponji ikamuliwe na kuanikwa kwenye jua siku mbili, kati ya mvua na mvua, na irudishwe tu wakati karatasi kavu iliyoshindiliwa ndani yake inatoka kavu.

Msiseme ni maji tu, yatakauka. Chini ya tapi hiyo nyaya zinapita. Na katika Toyota nyingi, ile kompyuta inayoongoza mota iko nyuma ya kisanduku cha makaratasi, palepale feni inapomwaga maji. Chumvi ya kijani inaanza kula viungo vya nyaya. Siku moja mota inakataa kuwaka, kati ya Likasi na Lubumbashi, usiku, na mboga za watu nyuma. Fundi atabadilisha pompe ya esansi, atabadilisha bujii, na ugonjwa uko miguuni.

Urea na NPK zinaongeza shida. Mbolea iliyomwagika inavuta maji kutoka hewani, inalowanisha chuma hata bila mvua, na chuma kinaoza upesi. Fagieni kila baada ya kubeba, sakafu ikiwa bado kavu.

Katika uwanja wetu tumebadilisha mambo machache. Motokari hailali tena chini ya mwembe kuanzia mwezi wa 10. Kwa kipwa tunapenda kivuli, sawa, lakini kila shofere anapiga mfereji mkono mara moja kwa juma. Usafi mkubwa tunaufanya katika mwezi wa 9, kabla ya mvua ya kwanza, na tena katika mwezi wa 1, kwa sababu mvua zenyewe zinaosha takataka za paa na kuzileta mbele. Mbegu haikai tena chini. Tumeweka ubao juu ya vijiti viwili, sentimita kumi kutoka sakafu, na tunaweka mkono chini yake kila asubuhi. Mfuko ukilowana na dawa haijaingia rangi majini, bado tunapima: punje 100 ndani ya kitambaa chenye maji, siku saba, tunahesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, hatuileti kwa mtu.

Mama Prezida alikuja Lubumbashi mwezi wa 3 kwa mkutano, na mvua ilikuwa inanyesha. Kabla ya kupanda motokari aliinama, akatazama nyuma ya gurudumu la kushoto, akaona maji yanashuka kama bomba. Ndipo akaweka mfuko wake wa maharage miguuni.